Magonjwa Mawili, Imondo Moja

Jumatano, 6 Agosti

Siku kubwa. Nina magonjwa mawili.

Daktari Jerotich amethibitisha. Baridi yabisi ninayo tangu mwaka juzi. Hiyo imeshapinda vidole vya mikono na kuyafanya magoti yalie, haina habari mpya. Lakini kile kidole gumba cha mguu kilichokuwa kikiwaka moto si baridi yabisi. Ni gauti. Nilimkumbusha kwamba kwa Kiswahili sanifu ni jongo, maana nilikuwa mkalimani wa mahakama mpaka nikastaafu. Akasema asante, akaendelea kuandika.

Kisha akatamka maneno matamu. Kwamba si kawaida kuyakuta yote mawili kwa mtu mmoja, na kwamba zamani madaktari walidhani hayakai mwili mmoja. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba arudie mlango ukiwa wazi, maana nje benchi lilikuwa limejaa watu. Akakataa, eti ni siri ya mgonjwa. Siri yangu mwenyewe ananinyima!

Masharti: kidonge cha baridi yabisi mara moja kwa wiki, cha gauti kila siku, maji mengi. Pombe hapana. Maini hapana. Figo hapana. Firigisi hapana. Hapo kwenye firigisi nilijifanya nakohoa.

Firigisi ya kuku kwetu Waisukha ni imondo, na imondo si chakula tu. Ni cheo. Wageni wa heshima wakija, kuku akipikwa, imondo huwekwa mbele ya mwanaume anayelisemea boma. Asiyepewa imondo hana neno. Na Jumamosi ya wiki ijayo wakwe wanatoka Lugari kuja kwetu Malinya kuzungumza mahari ya Linet.

Linet ni binti wa marehemu kaka yangu Isaya. Isaya alinishika mkono akiwa kitandani akaniambia, wewe ndiye mwenye ulimi, utamsemea mtoto wangu. Nimemlea akiwa mdogo, leo ni mwalimu Butere. Mimi na mke wangu Kemunto hatukupata wa kwetu, na hapa mjini, Amalemba, tunaitwa Baba Linet na Mama Linet. Nitamsemea. Gauti itasubiri nje kama mashahidi wengine.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemtembelea jirani Protus. Yeye ana gauti peke yake, na kwa miaka mingi ametembea na bakora yake mtaani kama chifu. Nikamwambia habari zangu. Akasema gauti yake ni ya zamani zaidi. Nikasema sikatai, lakini ni moja. Akasema ilishawahi kupanda mpaka kiwiko. Nikamwambia pole, lakini hata kiwikoni bado ni moja.

Hakunipa chai. Nimerudi nyumbani nikiwa na furaha tele.

Jumamosi, 9 Agosti

Malinya, kwenye mapigano ya mafahali. Nilikwenda kwa sababu fahali wa binamu yangu Phineas alikuwa uwanjani, na nisingekwenda angesema sijiwezi. Phineas ni mtoto wa baba mdogo. Ana magoti mazuri na anayatumia vibaya: hukaa, husimama, hukaa tena, bila sababu yoyote, mbele yangu.

Alinisalimia kwa mkono. Alinifinya vidole akavishikilia huku akiniuliza habari ya mji, ya kanisa, ya kila jirani. Macho yalinitoka maji. Nikasema ni vumbi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi.

Fahali wake akashinda. Ngoma ya isukuti ikalia, watu wakaruka, Phineas akaruka juu kuliko wote. Kisha akaniletea sahani ya maini ya kuchoma. Akasema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, kwamba kama afya hainiruhusu yeye ataelewa, na ukoo utaelewa, na hata Jumamosi ijayo wote wataelewa.

Nilikula yote. Nikaomba nyingine. Nikashushia na pombe ya busaa.

Najivunia sana. Uso wake ulikuwa wa kutazamwa.

Jumapili, 10 Agosti

Kidole gumba kimevimba, chekundu, kinang'aa. Shuka likikigusa naona nyota. Nimemwomba Kemunto atembee polepole maana hatua zake zinatikisa kitanda. Akaniuliza nilikula nini. Nikasema sukuma wiki. Nikampigia Daktari Jerotich, naye akauliza nilikula nini. Nikasema sukuma wiki. Akanitajia dawa za kutuliza na akasema atafurahi siku nikimwambia ukweli.

Nimefikiri kisomi. Baridi yabisi inachukia baridi. Gauti inachukia joto. Basi: mikono kwenye beseni la maji moto, mguu kwenye beseni la barafu, kwa wakati mmoja. Kemunto akatafuta barafu kwa wauza samaki. Mpango mzuri kabisa, ila nilisinzia, nikaamka nikiwa nimebadilisha mabeseni. Majirani walikuja kuuliza ni nani amekufa.

Protus alikuwa wa kwanza kufika. Aliniangalia kidole akasema si kibaya, cha kwake huwa kikubwa zaidi.

Jumanne, 12 Agosti

Kikao cha ukoo Malinya. Nimefika kwa bodaboda, mguu mmoja ndani ya kandambili ya Kemunto. Nikasema ni mtindo wa mjini.

Mwenye kikao ni Senje Rebeka, dada ya baba zetu, mdogo wa mwili na mkubwa wa sauti. Phineas alisema kwa huzuni nyingi kwamba ananihurumia, na yuko tayari kunipunguzia mzigo. Senje akaniuliza kama naweza. Nikasema mimi nimesimama mbele ya majaji. Akasema, "Majaji hawakukuleteangi kuku. Hapa mtu wa kusema anasalimia wakwe, anasimama akisema, anakula imondo yake. Ukishindwa na moja, Phineas ataendelea pale pale."

Na Phineas atakaa kulia kwangu. Mkao wa tai.

Nilihisi woga, nauandika hapa kwa sababu hapa hakuna mtu. Si woga wa Phineas. Ni woga kwamba Linet atatazama mlangoni na kuona nimeketishwa pembeni na blanketi, mtu mwingine akimsemea. Isaya hakumwachia Phineas ulimi.

Basi nikafanya ninachokiweza. Nikasimama kwa kushika meza na kutangaza mila. Moja: Mwisukha wa kweli hapokei wakwe kabla ya adhuhuri. (Vidole vyangu hufunguka saa nne asubuhi.) Mbili: katika mazungumzo ya mahari wazee hawashikani mikono, huinamiana, mkono kifuani. Tatu: msemaji hukaa kiti kilichoinuliwa.

Phineas akasema hajawahi kusikia hata moja. Nikasema kwa masikitiko kwamba ni mila zilizopotea wakati wa nzige, na ndiyo maana vijana wa umri wake hawazijui. Ananizidi mwaka mmoja. Wazee wawili wakatikisa vichwa, wakasema kweli, hata wao wanakumbuka kidogo.

Senje Rebeka alinitazama kutoka kandambili hadi kichwani. Akasema haya, tutaona.

Alhamisi, 14 Agosti

Mguu umepungua. Mazoezi ya kiti yamefanyika uani. Nimepandisha kiti juu ya matofali, ili nikitaka kusimama niteleze tu mbele badala ya kuyaomba magoti. Nilikaa. Nilionekana vizuri sana, nililiona paa la Protus. Nikateleza mbele, kiti kikateleza nyuma, nikaingia kwenye sukuma ya Kemunto. Sasa angalau nimeshakuwa na uhusiano wa kweli na sukuma wiki. Matofali mapana zaidi yatafaa.

Imondo bado ni tatizo. Nikajishusha, nikaenda kwa Protus. Yeye ameoza mabinti na ana gauti, lazima anajua njia. Alinifurahia mno, nikaona jinsi mtu mwenye ugonjwa mmoja anavyopenda kuombwa ushauri. Akasema ni leso. Unaweka imondo mdomoni, unatafuna kwa heshima, unakohoa, unaitemea kwenye leso, leso inaingia mfukoni. Amefanya hivyo kwa wakwe wote na hakuna aliyejua.

Nimejaribu na tonge la ugali. Njia ni nzuri ila inataka vidole. Vyangu havikuweza kukunja leso. Tonge lilibingirika mpaka kwa mbwa, akalila akinitazama kwa upendo. Protus alicheka akashika ubavu. Nikamwambia hiyo leso ni njia ya watu wenye ugonjwa mmoja.

Ijumaa, 15 Agosti

Malinya tangu jana jioni. Akina mama wanapika, vijana wanasimamisha turubai.

Mpango wa mwisho, na ndio bora kuliko yote. Nimemwita Kemunto kando nikamwomba achonge imondo ya nduma. Nduma ikikaangwa na kupakwa mchuzi mzito inakuwa na rangi ile ile. Ana mkono mzuri wa kisu. Akakataa. Akasema yeye Mgusii aliolewa hapa kwa ukweli na hatawachongea wakwe uongo. Akasema kama imondo inanitisha nimwambie Senje ukweli, nimpe Phineas, nikae kando yake kwa amani. Nikamwambia afadhali nife. Akasema ataandaa nguo nyeusi basi.

Linet alikuwa mlangoni amesimama na sufuria. Sijui alisikia nini. Alikuwa amefika kutoka Butere muda si mrefu, kafunga kanga kiunoni kama mwenye nyumba. Akaniamkia, akanirekebishia kola, akauliza nduma zimewekwa wapi. Nikamwambia asihangaike na jikoni, yeye ndiye bibi harusi. Akatabasamu. Ana tabasamu la Isaya, upande mmoja kwanza.

Nimeamua. Nitakula. Nitaugua Jumapili kama mwanaume, lakini Jumamosi nitakuwa nimesema.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika kitandani, nimechoka, mkono unauma, lakini hii lazima iandikwe leo.

Wakwe walifika adhuhuri kamili, kama mila yangu inavyotaka. Msemaji wao ni Mzee Wangila, mtu mnene wa Lugari, mkulima wa mahindi, sauti kama trekta. Alinyoosha mkono, kiganja kama jembe. Nikaweka mkono kifuani nikainama. Akashtuka. Akatazama wenzake. Kisha akainama hata kofia ikaanguka, na nyuma yake wote wakainama, mmoja mmoja, hadi mpiga picha. Wazee wetu wakainama pia. Phineas alibaki amesimama peke yake na mkono hewani, na Senje Rebeka akamwambia aache kutuaibisha.

Nilipanda kwenye kiti changu. Matofali mapana yalitulia.

Wakati wa kusema ulipofika, magoti yalikataa. Phineas aliinama sikioni mwangu akasema kwa upole, acha nikusaidie, ndugu. Nikatazama mlangoni. Linet alikuwa pale.

Nilisimama. Naandika tena ili nilisome kesho: nilisimama.

Nikasema hatukuja kuuza mtu. Nikasema mtoto huyu alikuwa na baba aliyeitwa Isaya, ambaye angekuwa amesimama hapa kama kifo kingekuwa na adabu. Nikasema nimekalimani maneno ya watu wengi maishani, wezi na mahakimu, lakini leo naleta maneno ya mtu mmoja ambaye hayupo, na nisipoyaleta vizuri hakuna rufaa. Wangila akavua kofia. Hata Phineas alipenga kamasi. Mambo ya ng'ombe yalipozungumzwa baadaye, hayakuleta ugomvi hata kidogo.

Kisha kuku. Kwa kawaida chakula huletwa na shemeji zetu wa kiume, lakini leo sahani yangu ililetwa na Linet mwenyewe. Akapiga goti. Imondo ilikuwa juu ya obusuma, yaani ugali wetu, kahawia, inang'aa kwa mchuzi. Leso ya Protus ilikuwa kwenye paja langu, na vidole havikuweza hata kuigusa. Phineas aliegemea mbele, macho kwenye mdomo wangu. Linet akaninong'oneza, "Kula tu, Baba. Usiogope."

Nikaisahau leso. Nikaiinua imondo ikaonekana na wote. Nikaila yote, polepole, nikimtazama Phineas. Ilikuwa laini isivyo kawaida, karibu iyeyuke, haikuwa na ule ukakamavu. Nikasema mbele ya watu kwamba nimekula imondo nyingi lakini hii ni ya kuku aliyelelewa na mama mwenye huruma. Jikoni wanawake wakaangua kicheko. Furaha ya siku, nadhani.

Mzee Wangila akaniambia walipokaribia kuondoka kwamba mila zetu ni nzuri, na anaomba ruhusa wazitumie kwao. Nimemruhusu.

Jumapili, 17 Agosti

Nimeamka nikiwa tayari kwa moto. Nikafunua shuka. Kidole gumba ni kile kile, cha kawaida, kimelala.

Nimetembea hadi mlangoni na kurudi. Hakuna kitu. Nikamwita Kemunto nikamwonyesha. Nikamwambia tazama, nimekula imondo nzima na mwili umeishinda.

Kemunto akakaa kwenye stuli. Akasema ile haikuwa imondo. Ilikuwa nduma. Linet aliichonga mwenyewe Ijumaa jikoni, akaikaanga mara mbili, akaipaka mchuzi. Nikauliza imondo ya kweli ilikwenda wapi. Akasema aliila Linet, nusu kwa nusu na Senje Rebeka.

Nikacheka sana. Hapo ndipo nilipojua anadanganya. Senje Rebeka, ambaye maisha yake yote amewafukuza wasichana jikoni kwa kuigusa tu imondo! Ukalimani umenifundisha kumtambua shahidi anayeongeza chumvi. Kama angesema iliangukia majivuni ningemwamini.

Nimempigia Linet. Akasema ni kweli, Baba. Akasema alikuwa anasemewa yeye, na asingekubali niugue kwa ajili yake, na asingekubali pia mtu mwingine amsemee. Akasema imondo ya kweli ilikuwa ngumu kidogo, na Senje alitafuna kwa bidii akasema miaka yote hii wanaume wamekuwa wakijisumbua bure.

Mtoto mwenye moyo. Ananidanganya ili nisijisifu kupita kiasi na kuumia tena. Macho yalinitoka maji kidogo. Vumbi.

Jumatatu, 18 Agosti

Habari zimefika Amalemba kabla yangu. Jirani mmoja wa Shinyalu alikuwa na wakwe jana na wote wameinamiana. Wanasema ni mila ya zamani iliyopotea wakati wa nzige.

Nimekwenda kwa Protus kumweleza kwamba gauti imenitoka. Nimeishinda kwa kuikabili, imondo nzima, mbele ya mashahidi. Sasa nina baridi yabisi peke yake, na yeye ana gauti peke yake, kwa hiyo tuko sawa, ila mimi ni mtu aliyewahi kuwa na mbili. Protus hakuamini. Akamtuma mkewe kwa muuza kuku sokoni. Imondo tatu, mbichi, zikachomwa palepale uani. Nikazila zote huku akihesabu kila moja ikiingia mdomoni. Hizi zilikuwa ngumu sana ukilinganisha na ile ya Jumamosi. Kuku wa mjini hawalelewi vizuri.

Protus alinitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuiona usoni pake. Aliniamkia kwa kuinama.

Kidole gumba kina joto kidogo jioni hii. Ni soksi mpya. Kesho asubuhi nitampigia Daktari Jerotich nimweleze nimepona moja, ili akaandike.

Kemunto ameweka beseni la barafu kando ya kitanda bila kuulizwa. Sijui ni la nini.